KITUNDA CHA NAHODHA EVANS SI CHA BURE

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Methali hii, msomaji mpenzi, nimeisikia tangu nikiwa mdogo wa kutumwa dukani, lakini sikuijua maana yake barabara mpaka Ramadhani ya mwaka 1983, nilipokaa juu ya baraza moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, nikapewa kitunda cha bure, nikakila, kisha nikaliwa mimi na mfalme wangu mbele ya watu. Wala haikuwa usiku mmoja. Ilikuwa siku nne mfululizo.

Mchezo wenyewe ni sataranji. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa bao, dhumna na karata, na yamkini wengine washaanza kugeuza gazeti watafute habari za mpira. Nawaomba mnivumilie kidogo, kwani jambo ninalotaka kulieleza halihitaji mtu awe bingwa. Lahitaji tu awe aliwahi kupewa kitu bila ya kukiomba, akajiuliza usiku kucha amepewa kwa nini.

Baraza yetu siku hizo ilikuwa ikijaa baada ya tarawehe. Upande mmoja dhumna zikipigwa mezani kwa kishindo, upande wa pili wazee wakinywa kahawa chungu kwa kashata na kuzungumza habari za watu waliokufa zamani, na chini ya taa palikuwa na ubao wa sataranji ambao vitunda vyake viwili vilipotea, mahali pao pakatiwa vifuniko vya soda. Mwenye ubao alikuwa mzee mmoja aliyekuwa serehangi katika meli za kigeni, na sote tukimwita kwa kazi yake hiyo, Serehangi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa kijana karani, sataranji nimejifunza skuli, na nilijiona mwamba kwa kuwa nilikuwa nikiwashinda makarani wenzangu saa ya chakula cha mchana.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya majina, maana kila mtu ana yake. Pale barazani mfalme tulimwita mfalme, na wazee wengine wakimwita shaha. Yule ambaye vijana wa skuli humwita malkia sisi tulimwita waziri, kama waitavyo Waarabu mpaka hii leo. Kile kinachokwenda mshazari, ambacho Waingereza wamekipa jina la kasisi wao mkubwa, sisi tulikiita ndovu, na ndilo jina lake la asili, kwani Waarabu husema al-fil, na Wahispania, ingawa walikwisha kuacha kusema Kiarabu karne nyingi, bado wanakiita alfil. Waliobaki ni farasi, ngome, na askari wa mguu wanane wa mbele, yaani vitunda.

Ubao una nyumba 64. Safu zinazokwenda mbele hupewa herufi, kuanzia a mkono wa kushoto wa mwenye vyeupe mpaka h mkono wake wa kulia, na nyumba za kila safu huhesabiwa kutoka 1 upande wake mpaka 8 upande wa mwenye vyeusi. Hayo yakutosha.

ULAFI WA MCHEZA DAMA

Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, nilimwachia Serehangi vyeupe. Akasukuma kitunda cha mfalme nyumba mbili, e4, nami nikajibu vivyo hivyo, e5. Akatoa farasi f3, akikitishia kitunda changu. Nikatoa farasi c6 kukilinda. Akatoa ndovu c4. Nikamtoa wangu c5. Hapo mizani ilikuwa sawa. Ndovu wake alikuwa akiitazama nyumba f7, na nyumba hiyo mwanzoni mwa mchezo haina mlinzi ila mfalme mwenyewe, lakini hata wangu alikuwa akiitazama f2 ya kwake, kwa hivyo sikuona la kunitia hofu.

Kisha, hatua ya nne, mzee akanyoosha mkono wake akakisukuma kitunda cha b nyumba mbili, mpaka b4, mbele ya mdomo wa ndovu wangu. Hakikulindwa na chochote.

Mimi nimelelewa na dama. Katika dama tuliyocheza sisi, kula ni lazima, na mchezaji hodari ni yule ajuaye kulisha: humpa mwenziwe kete moja ili yeye aruke tatu. Basi nikatazama ubao vizuri nione ataruka wapi. Sikuona. Nikatazama tena. Hapakuwa na mtego wowote, hapakuwa na farasi wa kunirukia wala waziri wa kunivizia. Nikasema moyoni, mzee macho yamemwisha. Nikala.

Akasukuma c3. Ndovu wangu akafukuzwa, akaenda a5. Akasukuma d4, nikala tena. Akamwingiza mfalme wake ngomeni, yaani akamhamishia pembeni nyuma ya ngome, jambo ambalo kila mchezaji hulifanya mapema ili apate salama. Mimi nikala kitunda cha tatu, c3. Watu wawili watatu wakaja kusimama nyuma yangu, maana habari ya mtu kumla Serehangi vitunda vitatu haikuwa habari ya kila siku. Akaleta waziri b3, sasa waziri na ndovu wote wawili wakaitazama ile f7. Nikamtoa waziri wangu f6 kuilinda. Akasukuma e5, waziri wangu akakimbia g6. Farasi wake akala c3. Kisha yule ndovu wake wa pili, ambaye mpaka hapo alikuwa amelala, akatoka kupitia mlango ulioachwa na kile kitunda nilichokila mwanzo, akakaa a3, akaupiga mshazari mrefu mpaka f8. Na mfalme wangu alipotaka kuingia ngomeni akakuta njia ni ya moto.

Kabla ya hatua ya 20 nilikuwa nimekwisha. Usiku wa pili nikala tena, wa tatu nikala tena kwa uangalifu zaidi, na wa nne nikala huku nikitetemeka. Mwisho wake ulikuwa ule ule.

Usiku ule wa nne ndipo nilipokosa adabu. Nilisema, tena kwa sauti ya kusikiwa na watu wa dhumna, "Mzee, huu si mchezo, huu ni ulaghai. Wampa mtu chakula kisha wamfungia mlango."

Dhumna zikanyamaza. Serehangi akaviokota vitunda kimoja kimoja akivitia katika mfuko wake wa marekani. "Mwanangu," akasema, "mimi nimekupa. Nani aliyekwambia ule?"

Mjomba wangu hakunisemesha njia nzima. Tulipofika mlangoni akanambia, "Yule umri wake ni wa baba yako, na umemwita laghai mwezi wa Ramadhani." Tangu hapo sikwenda tena barazani. Nikisali tarawehe narudi nyumbani moja kwa moja, na mama akidhani nimekuwa mcha Mungu.

NAHODHA NA TAA ZAKE

Aibu humfanya mtu asome. Nilikiazima kitabu kikuukuu cha Kiingereza, nikakikuta kile kitunda cha b ndani yake kikiwa na jina la mtu. Kumbe hakikuwa cha Serehangi. Kilikuwa cha baharia mwenziwe, Nahodha William Davies Evans, mzaliwa wa Wales mwaka 1790, aliyeingia baharini angali kijana, akatumika katika jeshi la maji la Waingereza, kisha akapewa meli ya kuchukua barua za Posta baina ya Milford Haven na Waterford huko Ireland. Katika miaka ya 1820 ndipo alipoubuni mwendo huo, akaenda nao London akaujaribu juu ya Alexander McDonnell, mmoja wa wachezaji hodari wa zama zile, akamshinda. McDonnell, kama ada ya mtu aliyeumwa, akauchukua mwenyewe akautumia katika michezo yake mikubwa na Mfaransa La Bourdonnais mwaka 1834.

Evans alifariki mwaka 1872 katika mji wa Ostend, Ubelgiji. Kaburi lake lamtaja kwanza kuwa ndiye aliyebuni taa za rangi tatu za vyombo vya baharini, za kuzuia meli zisigongane usiku, halafu ndipo linapoitaja sataranji yake. Sisi tuliokulia mbele ya mlango wa bandari twazijua taa hizo: nyekundu kushoto, ya kijani kulia, na nyeupe juu ya mlingoti. Mimi hupenda kudhani kwamba mwendo kama ule usingebuniwa na mtu wa bara. Baharia ajua kwamba upepo na maji kujaa havinunuliki kwa fedha, na nahodha aliyekosa maji kwa kuwa alirudi kuchukua gunia moja la mtama amepata hasara, hata kama gunia analo.

Hapo ndipo palipokuwa na siri yote, wala haikuwa siri. Kulisha kwa dama ni biashara ya papo kwa papo, toa moja upate tatu. Kitunda cha Evans hakirudishiwi kwa vitunda. Kinalipwa kwa wakati. Chukua ubao wako, msomaji, uhesabu hatua zangu za ule usiku wa kwanza mpaka waziri alipokimbilia g6. Ni hatua tisa. Ndovu wangu mmoja alikwenda safari tatu, c5, b4, a5. Kitunda kimoja kilitembea mara tatu ili kije kifie c3. Waziri alitoka, akafukuzwa, akatoka tena. Farasi alijongea mara moja. Tisa zimekwisha! Farasi wangu wa pili bado alikuwa zizini, ngome zote mbili hazikujongea, na mfalme yu wazi katikati ya njia. Mwenzangu kila alipokuwa akipoteza kitunda alikuwa amefungua mlango wa mtu wake mmoja, na kila alipokuwa akifungua mlango alikuwa amenifukuza mtu wangu mmoja. Alikuwa akicheza mara mbili na mimi mara moja.

Neno lenyewe wanalolitumia wachezaji, gambiti, latokana na Kiitaliano, nalo asili yake ni mguu: ni kule kumpiga mwenzako ngwara katika mieleka. Aliyeliingiza katika sataranji ni Mhispania Ruy López, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1561. Mimi nadhani jina hilo limewapoteza wengi, kama lilivyonipoteza mimi. Mtu akisikia ngwara hungoja ajikwae pale pale. Hajui kwamba ataendelea kutembea hatua kumi nzima kabla hajaanguka.

Na hapa niwape wazee wetu haki yao. Sataranji waliyoicheza Waislamu wa Baghdad haikuwa na ukali huu. Waziri alikwenda nyumba moja tu ya mshazari, ndovu aliruka nyumba mbili basi, na jeshi lilichukua muda mrefu kufika vitani. Kwa hiyo mabingwa kama al-Adli katika karne ya tisa na Abu Bakr as-Suli katika ya kumi, huyu aliyemshinda bingwa wa baraza la Khalifa al-Muktafi, walikuwa kwanza wakipanga majeshi yao kwa mipango maalumu yenye majina, kila mtu upande wake, kisha ndipo wanapokutana. Mwishoni mwa karne ya 15 huko Ulaya waziri na ndovu wakapewa mbio walizo nazo leo, na tangu hapo mfalme akaweza kuuawa kabla mwenyewe hajamaliza kuvaa viatu. Ufunguzi mkali ulizaliwa siku hiyo. Nauita mkali kwa maana hii: ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwenye kutoa akizembea hatua moja, mashambulizi hupoa, na atabaki amepungukiwa na kitunda bila ya faida yoyote.

(Kuna ndugu watakaoniandikia kuuliza hukumu ya mchezo wenyewe. Wanazuoni wamehitilafiana, na wako walioukataza kabisa. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni makuruhu, na huwa haramu ukiingiwa na kamari au ukimpitishia mtu wakati wa Sala. Barazani petu senti haikuwekwa, na muadhini alikuwa akisikika vizuri.)

MLANGO ULIOFUNGULIWA MAPEMA

Mfano ulionifungua macho ni mchezo mmoja uliochezwa Berlin mwaka 1852, ambao wapenzi wa sataranji wameupa jina la mchezo usionyauka. Mwenye vyeupe ni Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati, na mwenye vyeusi ni Jean Dufresne. Anderssen akatoa kitunda cha b hatua ya nne, kama Evans. Hatua ya 11 akamtoa ndovu wake kupitia mlango ule akamkalisha a3, na ndovu huyo akakaa hapo kimya, hajongei, watu wengine wote wanauana mbele yake. Dufresne hakuwa mzembe, la hasha. Ilifika pahali akabakiwa na hatua moja tu amfunge Anderssen. Lakini mfalme wake alikuwa bado yuko nyumbani kwake e8, hajapata nafasi ya kuingia ngomeni. Hatua ya 20 Anderssen akatoa ngome, ya 21 akamtoa waziri wake mzima, na hatua ya 24 yule ndovu wa a3 akashuka mshazari ule ule mpaka e7 akamaliza kazi. Kitunda kilichotolewa hatua ya nne kililipwa hatua ya 24! Niliucheza mchezo ule peke yangu usiku ule mara tano, mpaka daku ikanipita.

Wala usidhani hayo ni mambo ya kale tu. Mwaka 1995, katika mashindano ya Riga ya kumkumbuka Mikhail Tal, Garry Kasparov alimtolea kitunda hicho hicho Viswanathan Anand, Mhindi ambaye baadaye mwaka ule ule aligombea naye ubingwa wa dunia. Anand alikila, akamrudisha ndovu wake karibu na mfalme, nyumba e7, akidhani huko kuna salama. Kasparov akamleta waziri katikati mapema mno, mwendo ambao mwalimu wa skuli angekupigia kofi, lakini kila Anand alipomfukuza alikuwa akienda pahali pa kudhuru zaidi. Mfalme wa Anand alilazimika kutembea kwa miguu mpaka f7, na hatua ya 25 Anand akasalimu amri. Tarakilishi za siku hizi husema mwenye vyeusi akijilinda sawasawa haimpati hatari yoyote kubwa. Ni kweli, lakini tarakilishi haitetemeki mkono, wala haina watu wawili watatu waliosimama nyuma yake.

Sasa dawa yake nini? Nilitafuta dawa kitabu kizima nikidhani nitapewa upanga, nikapewa jambo ambalo lilinikera nilipolisoma mara ya kwanza. Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1894 mpaka 1921, alifundisha hivi: kile, kisha kirudishe. Usikishike kama bahili ashikavyo ufunguo wa sanduku. Mwenzako amekukopesha kitunda na riba yake ni wakati, na kila hatua unayokaa na mali yake riba yazidi kupanda. Basi mrudishie yeye kabla hajadai, lakini umrudishie kwa namna ambayo atakapokipokea itabidi mawaziri wote wawili watoke ubaoni. Waziri wake akiondoka, nani atakayeshambulia?

Ipo njia nyingine iliyo rahisi zaidi, nayo ni kutokila kabisa. Ndovu akarudi nyuma nyumba moja, b6, akakiacha kitunda kikae pale pale. Njia hiyo katika siku nne zile haikunipitia akilini hata mara moja. Mcheza dama hajui kwamba chakula chaweza kukataliwa.

IDI PILI

Siku ya pili ya Idi nilinunua ratili mbili za halua nikaenda nyumbani kwa Serehangi. Njiani nilirudi nyuma mara mbili. Nilimkuta chumba cha mbele, masanduku mawili yamefungwa kamba, na mjukuu wake wa miaka sita hivi anapanda juu yake kama farasi. Alikuwa anahamia Lamu kwa binti yake, jahazi yaondoka baada ya siku tatu, nami sikuwa na habari, kwa kuwa habari zote zilikuwa barazani.

"Asalaam aleikum, Mzee. Nimekuja kutaka radhi."

"Aleikum salaam. Radhi nalikupa usiku ule ule," akasema, akaifungua halua. "Ila wewe hukuja kuichukua."

Kahawa ikaletwa. Akautoa ubao katika moja ya yale masanduku, na nilipoona kamba imefunguliwa kwa ajili yangu nilipata haya upya. Akachukua vyeupe bila ya kuuliza. Hatua ya nne, b4. Nikala. Akatabasamu kidogo. Akasukuma c3, nikaenda a5, akasukuma d4. Hapo ndipo siku zote nilipokuwa nikila cha pili. Safari hii nikasukuma kitunda changu cha d nyumba moja, d6. Akamwingiza mfalme ngomeni. Nikamrudisha ndovu b6, nikakiacha kitunda changu cha e5 kama mtu aachavyo mlango wazi akijua mgeni ataingia.

Mkono wake ukasimama hewani. Akanitazama mimi, si ubao.

"Nani aliyekufunza?"

"Kitabu, Mzee. Na aibu."

Akacheka mpaka mjukuu wake naye akacheka bila ya kujua sababu. Kisha akala e5, nikala mimi, tukabadilishana mawaziri, farasi wake akala kitunda changu kilichokuwa e5, nami nikamtoa ndovu wangu wa pili e6. Tukahesabu: vitunda sita kwa sita. Deni limekwisha. Vyangu vilikuwa vimesimama vitatu kila upande, bega kwa bega, na vyake vya a na c vilikuwa kila kimoja peke yake kama nyumba za shambani. Hapakuwa na moto wowote tena ubaoni, ila kazi ndefu ya kulima. Tulilima mpaka adhana ya Alasiri, na wakati ule nilikuwa, kwa mara ya kwanza, nimeshika mahali pazuri kidogo kuliko yeye. Tukauacha ubao kama ulivyo, tukaenda msikitini.

Tuliporudi yule mtoto alikuwa ameviondoa vyote. Alivipanga juu ya mkeka msafara mmoja mrefu, farasi mbele, vitunda nyuma, na vile vifuniko viwili vya soda akavifanya mashua. Nilisikitika, nasema kweli, maana ningependa kumshinda mara moja kabla hajaenda Lamu. Serehangi hakuonyesha kusikitika hata kidogo. Aliketi, akavipanga upya, akaugeuza ubao vyeupe vikaja upande wangu.

"Leo wewe nahodha," akasema.

Nikasukuma e4, naye e5. Farasi kwa farasi, ndovu kwa ndovu. Moyo ukinidunda nikakishika kitunda cha b, nikakipeleka nyumba mbili, b4, nikaondoa mkono. Serehangi akakitazama. Akanywa kahawa yake mpaka ikabaki machicha, akakitia kikombe juu ya sanduku, akajipangusa vidole. Kisha akamshika ndovu wake taratibu, akamrudisha nyuma nyumba moja, b6.